Kwaki Iko Sita

Kwa Mama Mwenda, Wawira wangu, huko kwa mama yako, Embu.

Nakusalimu upesi kabla hujaikunja karatasi hii ukawashia jiko. Isome karibu na moto ukitaka, lakini isome. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri theluji vizuri kuliko redio. Natumaini mama anaona vizuri na ile miwani mipya, na kwamba mvua imewaachia angalau maharagwe. Hapa maharagwe ni ya mkebe, matamu kama keki. Nilishaacha kugombana nayo.

Kendi ndiye aliyenipa sanduku la posta la kanisa la kwenu. Usimkaripie binti yetu, nilimsumbua siku tisa mfululizo mpaka akachoka. Kwa vile umenizima kwenye simu, yeye ndiye aliyeniambia kwamba umefunga nyumba ya Timau, ukamwachia jirani ng'ombe, ukaomba likizo pale mnapopanga maua, ukarudi kwenu. Aliandika hivi: "Baba, mama amesema ukae huko na hao sita wako. Na ukisaini mkataba mwingine usijisumbue kurudi."

Ujumbe huo niliusoma nikiwa kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi. Nikawaomba walio nyuma yangu wapite. Sita gani? Nikaanza kuhesabu wanawake wote ninaowajua katika nchi hii, pamoja na bibi kizee wa duka la mkate na mtawa mmoja tunayepanda naye basi asubuhi. Hawakufika sita. Nikahesabu tena, nikamweka na daktari wa meno. Watano.

Ilinichukua siku mbili kuelewa. Nilikuwa nimekaa mbele ya mitambo yangu natazama mshale wa baridi, akili iko mbali kama kawaida yake, mara ile simu yetu ya Jumapili ikanirudia neno kwa neno. Nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu wa zamu akageuka kunitazama. Halafu nikakumbuka kwamba umefunga nyumba, nikaacha kucheka.

Tuliongea hivi. Nikikosea mahali utanirekebisha. Wewe ulikuwa umetoka kanisani, mimi nimetoka zamu, na mtandao unakatakata jinsi unavyofanya ukungu ukishuka Timau.

"Baba Mwenda, mbona siku hizi hupatikani?"

"Nashinda kwaki tu, mama. Mwezi huu wote."

"Kwake?"

"Eeh, kwaki."

Ukauliza, kwa ile sauti yako ya upole ambayo baada ya miaka ishirini na mbili nilipaswa kuitambua: "Ni moja ama iko mingi?"

Nikafurahi, Wawira. Miaka yote hii unaniuliza nimekula nini na kama nimevaa soksi mbili. Hujawahi kuniuliza habari ya kazi. Nikajiweka sawa kwenye kiti.

"Iko sita," nikakuambia. "Lakini ile ya kila siku ni mbili tu, ya juu na ya chini."

"Ya juu na ya chini."

"Eeh. Halafu kuna moja inaitwa ya ajabu. Kuna ingine iko na haiba. Na kuna moja, sijui nani aliipatia jina, inaitwa mrembo."

"Mrembo."

"Hiyo haikai. Inakuja, hujapepesa macho, imeenda."

"Na ya sita?"

"Ya sita ni nzito sana. Hata sisi hatuioni mara mingi."

"Na haigombani?"

"Haiwezi kukaa peke yake," nikasema, na nakumbuka nilikuwa natabasamu kabisa. "Lazima mbili mbili ama tatu tatu. Lakini kukiwa moto inaachiliana, inachanganyikana yote. Na huku kuna moto, mama, hujawahi kuona."

Simu ikakatika. Nikalaumu mtandao.

Sasa fikiria mtu wa Lamu angekuwa mahali pangu. Yeye angesema "ziko sita", na wewe papo hapo ungejua anaongea habari ya vitu. Lakini sisi, mimi Mmeru, Mtigania wa Kianjai, na wewe Muembu, tulikutana kwenye Kiswahili kama watu wanaokutana sokoni, kila mmoja ametoka kwao. Kimeru changu ulisema kinasikika kama mtu anayegombana hata akiomba chumvi. Mimi nilikisikia Kiembu chako kama Kimeru kilichooshwa kikaanikwa. Tukabaki na Kiswahili cha shule ya msingi, na humo "iko" ni ya kila kitu. Ng'ombe iko, mvua iko, mwalimu iko, bibi iko. Tumelea watoto wawili kwa "iko". Imetufaa mpaka Jumapili ile.

Basi nikueleze kwaki ni nini, kwa kalamu, polepole, na kamusi nimeiweka mezani.

Ukichukua kitu chochote, jembe, yai, au sikio lako lile la kushoto lenye herini iliyopotea, ukakivunja na kukivunja tena mpaka ufike pasipovunjika, huko chini kabisa utakuta chembe ndogo kiasi kwamba neno ndogo ni kubwa kwake. Hiyo ndiyo kwaki. Wenyewe, wanasayansi wa hapa kazini, hulitamka jina hilo kama mtu anayekohoa. Mimi nikaliongezea irabu mwishoni ili lipumue, na hilo ndilo lililoniponza. Hizo chembe hukaa tatu tatu kama watu katika nyumba moja ambayo mlango wake haufunguki. Hakuna aliyewahi kukutana na kwaki moja peke yake barabarani.

Aliyenifundisha haya ni mzee Tomas, mwanasayansi ambaye hula nami saa sita mchana. Ni mwanamume. Ana ndevu, ana wajukuu, na hutafuna kwa sauti. Nayataja haya tusije tukafika saba.

Jumamosi moja nilipata mahindi makavu kwenye duka la Waafrika, nikayachemsha na maharagwe, githeri yetu ileile, nikamwalika. Akatazama sahani yake kwa muda mrefu mpaka nikaogopa ameona mdudu. Kumbe alikuwa anaona kazi yake.

"Hapa," akasema, "hindi ni hindi na haragwe ni haragwe. Kila moja lina ngozi yake. Ungetaka ngozi zisiwepo, ungefanyaje?"

"Ningechemsha mpaka zipasuke," nikamjibu. "Au ningechukua mwiko nikasonga, tukala mukimo."

"Ndiyo hivyo. Moto ama kusongwa. Hakuna njia ya tatu." Akala vijiko viwili vya haraka. "Mimi nimesoma miaka thelathini kulijua hilo."

Yeye na wenzake wametumia moto. Wanachukua madini ya risasi (ile nzito, si ya bunduki, tafadhali mama yako usimsomee hapa), wanairusha punje kwa punje kwenye bomba la duara lililo chini ya mashamba na ng'ombe wa watu, nyingine inatokea upande wa pili, zinagongana. Pale zinapogongana panakuwa na moto zaidi ya mara laki moja kuliko moyo wa jua. Ni mahali padogo mno na ni kitambo kifupi mno, kiasi kwamba hata neno "sasa" ni refu. Lakini katika kitambo hicho zile nyumba zinayeyuka na kwaki zote zinakuwa nje.

Tomas anasema walitarajia zitatawanyika kama moshi. Hazikutawanyika. Zilitiririka pamoja, kitu kimoja, laini kuliko maji, laini kuliko mafuta, hakuna inayomkwaruza mwenzake. Na anasema hivyo ndivyo ulimwengu ulivyokuwa mwanzoni kabisa, kabla ya nyota, kabla ya mlima wetu, kabla ya kuwa na huku na kule. Supu moja tu. Kila kitu kilikuwa ndani yake: ngano ya Timau, ukungu, ng'ombe tuliyemwachia jirani, mkono wako ukishika waridi kwa shingo bila kuchomwa. Tangu aniambie hivyo nimekuwa mtu wa kusimama simama. Naweza kushika kikombe cha chai mpaka kikapoa, nikifikiria kwamba hicho kikombe na mimi tuliwahi kuwa mahali pamoja.

Njia ya kusonga hawana mwiko wake hapa duniani. Hiyo iko juu, katika nyota zilizokufa zikajikunja kwa uzito wao wenyewe mpaka kijiko kimoja cha udongo wake kikawa na uzito wa kilima. Pengine katikati ya nyota kama hiyo nyumba za kwaki zimevunjika bila moto, zimesongwa tu. Tomas hupenda sana hilo neno "pengine". Anasema ndilo linalomlisha.

Mimi kwenye haya yote siko upande wa moto. Mimi ni wa baridi, kama siku zote. Kule Timau nilikuwa nazuia waridi lisifunguke kabla halijafika Ulaya, na hapa Ulaya nazuia sumaku zisipate joto. Zile zinazoipinda njia ya hiyo risasi lazima ziwe baridi kuliko anga tupu katikati ya nyota, na anayelinda baridi hiyo zamu ya asubuhi ni mume wako, fundi wa friji, koti limemzidi mabega. Mitambo ikisimamishwa hushuka chini kukagua mabomba. Nachukua baiskeli. Njia inapinda kidogo kidogo hivi kwamba huoni kona, unaona tu taa zikija na kupita, na unaweza kuendesha kwa muda usijue kama unaenda au unarudi. Huko chini ndiko ninakokukumbuka zaidi. Nakuona umejifunga leso juu ya sweta, umesimama mlangoni unatazama kama mvua itateremka kutoka mlimani. Nakuongelesha kwa sauti. Hakuna anayesikia ila mabomba.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Tomas alinieleza jambo lingine kuhusu hizi kwaki, na tangu siku ile sijalisahau. Vitu vingi ukivitenganisha, mvutano wake unapungua. Sumaku mbili ukiziweka mbali zinasahauliana. Kwaki ni kinyume. Zikiwa karibu, ndani ya nyumba yao, ni kama hazijuani, kila moja na shughuli zake. Lakini jaribu kuivuta moja uipeleke mbali. Hapo ndipo utakapojua kuna kamba, na hiyo kamba hailegei hata uende wapi.

Nikafikiria zile jioni zetu Timau. Wewe unachambua mboga, mimi natengeneza redio isiyohitaji kutengenezwa, saa nzima inapita hakuna aliyesema kitu. Hakuna aliyeona kamba yoyote. Nilidhani nikienda mbali itapungua kidogo kidogo mpaka nizoee. Niliambia kila mtu nitazoea.

Nikamuuliza Tomas, "Ile supu ikipoa, inakuwaje?"

"Kila kwaki inashika iliyo karibu nayo, zinajenga nyumba tena."

"Zilezile zilizokuwa pamoja?"

"Nyingi hapana. Aliyekuwa na huyu anajikuta na mwingine."

"Kwa hivyo hazirudiani."

Akaona uso wangu, akaacha kutafuna. "Kuna jozi nzito," akasema. "Hizo zikiingia kwenye moto nyingi zinaachana. Lakini kuna zinazokutana tena kabla supu haijapoa kabisa. Tunazitafuta sana. Zikionekana tunafurahi kama watoto."

Nikamwambia kwa upande wa uzito mimi na mke wangu hatuna wasiwasi. Nisamehe kwa hilo. Lilitoka lenyewe.

Lakini sikulala vizuri siku zile, na si kwa sababu ya uongo wowote. Ni kwa sababu ulisikia vibaya, Wawira, na bado ukaelewa vizuri. Hakuna wanawake sita. Hakuna hata nusu ya mmoja, daktari wa meno ana mume wake na mkono mzito. Lakini ni kweli nimehamia kwa mwingine. Nilikuaga nikisema ni miaka miwili, leo ni mwaka wa tano. Kila nikipiga simu nakuuliza habari ya ng'ombe haraka haraka ili nifike pale pa kukueleza mitambo. Mwenda alipomaliza shule nilikuwa nabadilisha kifaa fulani, nikaona picha. Na kuna hili ambalo Kendi halijui: kabla ya ile simu yetu, mkuu wangu alikuwa ameshaniuliza kama nitaongeza miaka mitatu, na mimi nilikuwa nimeshatikisa kichwa. Sikukuuliza. Nilikuwa napanga kukuambia Jumapili ileile, mwishoni, baada ya kukufurahisha na habari za kwaki. Simu ilikatika kabla sijafika hapo. Wewe ukaenda kwenu kwa kosa nisilofanya, na nililofanya lilikuwa mfukoni.

Jumatatu nilienda kwa mkuu wangu. Ni mtu mwema, mfupi, anapenda kukaa juu ya meza yake.

"Murithi, umeleta karatasi?"

"Nimekuja kuomba nisizilete."

Akafikiri sikuielewa lugha. Akanieleza upya, polepole, miaka mitatu, nyumba kubwa kidogo, dirisha linalotazama ziwa. Nikamwambia dirisha ni zuri. Nikamwambia mke wangu amerudi kwao.

"Si umpigie simu?"

"Kwetu mke akirudi kwao hapigiwi simu. Anafuatwa."

"Sasa hivi? Utarudi lini?"

"Sitarudi."

Akashuka mezani. Akasema mafundi wa friji wapo kila mahali, lakini mtu anayesikia bomba likiugua kabla mshale haujasogea hapatikani kila siku. Yalikuwa maneno matamu kuliko yote niliyoambiwa katika nchi hii, na nilitamani uwepo uyasikie, kwa sababu wewe husema sisikii hata mlango ukibishwa. Tukapeana mikono. Nitaipenda ile mitambo mpaka nife, sikufichi. Usinione kama mtu aliyetupa kitu kibovu.

Geuza karatasi hii uliyoishika. Kurasa zote ninazokuandikia ni za ule mkataba. Nyuma ya hii ya mwisho kuna mstari mtupu wa saini, na jina langu limepigwa chapa chini yake. Umpe Kendi asome Kiingereza chake, atakuambia ni wa kweli.

Mgongano wa risasi unaisha mwezi huu, mitambo inazimwa kwa majira ya baridi, nami nafungasha. Nitapitia kwanza mji wa Maua kumchukua ndugu yangu Kirimi. Yeye ndiye atakayezungumza mbele ya mama yako na wazee wa kwenu. Tumekubaliana hivyo, na amenipa sharti moja, kwamba mimi nisifungue mdomo kwa Kiswahili mpaka mambo yaishe. Anataka kuja na mbuzi na kibuyu cha asali, na tayari anauliza watu namna ya kumweleza mama mkwe habari ya mrembo na ya chini bila kuvunja heshima. Nimemwambia aseme mume alikosea ngeli. Hajaridhika.

Nisalimie mama mkwe, mwambie mkwe wake anainamisha kichwa tangu sasa. Nisalimie mwanangu Mwenda akija likizo, kaka yako mkubwa ambaye najua ameanza kunoa maneno, na jirani yetu wa Timau anayekamua kwa niaba yetu. Kendi mpe mkono wa pekee, huyo ametumwa kuliko tarishi.

Wewe sikuombi uniamini kwa barua. Nitafika siku ya kazi, si Jumapili, usilazimike kunipokea mbele ya watu wa kanisa ukitabasamu kwa nguvu. Wazee watasema yao ndani. Mimi nitakuwa nje, pale langoni. Ukiwa na jibu baya, usimtume mtu, nipe mwenyewe. Na ukitoka ukanipita kwenda mtoni bila kusema neno, nitaokota mtungi wa pili nikufuate nyuma.

Mume wako, akiwa bado ana jina hilo,

Murithi, Baba Mwenda